Kalemie: Amande bila karatasi si amande

Saa moja ya asubuhi, kwenye njia kubwa ya Kalemie, filimbi inalia. Motari anasimama pembeni. Mama aliyempakia anashuka na beseni lake la ndagala na kuendelea kwa miguu, kwa sababu soko halingoji mtu. Polisi wa roulage anauliza permi, karatasi ya pikipiki, asiransi, kofia. Kimoja kinakosekana. Ufunguo unachomolewa. Maneno machache yanasemwa kwa Lingala, noti iliyokunjwa inapita kutoka mkono hadi mkono, ufunguo unarudi. Yote yamechukua dakika tano, na hakuna hata neno moja lililoandikwa popote.

Jioni ya siku hiyohiyo, motari huyo anasimamishwa tena mahali pengine kwa kosa lilelile. Anasema amekwisha kulipa asubuhi. Anaulizwa: karatasi iko wapi? Hana. Analipa tena.

Wakaaji wengi wanaita jambo hilo amande. Si amande. Amande ni pesa inayoingia kwenye hazina ya serikali na kuacha alama kwenye karatasi. Pesa isiyoacha alama ina jina lingine, na Wakongomani wote wanalijua: madesu ya bana, maharagi ya watoto. Kwa motari mwenyeji, kuchanganya hizo mbili ni hasara ya mfuko. Kwa motari mhami wa vita, aliyefika bila kitambulisho na bila ndugu, kunaweza kumfikisha kwenye kasho na kuwalaza watoto njaa. Ndiyo maana ule ushauri ambao wazee wa kazi wanawapa vijana wapya, "toa kidogo uende zako", ni ushauri mbaya hata ukitolewa kwa moyo mwema.

Mhami ndiye anayelipa mara mbili

Kalemie ni mji wa kupokea watu. Vita kati ya Watwa na Waluba, hasa katika miaka ya 2016 na 2017, vilileta familia nyingi kutoka vijiji vya Tanganyika. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23, boti zilishusha wengine kutoka upande wa Uvira na Fizi. Kijana anayefika hivyo hana shamba wala duka. Kazi iliyo karibu ni pikipiki.

Pikipiki yenyewe si yake. Ni ya mtu wa mji, na kila jioni ni lazima ampelekee versement yake. Kinachobaki ndicho cha unga, cha makaa na cha dawa. Pikipiki ikifungiwa siku mbili, mwenyewe hataki kusikia habari ndefu: anatafuta motari mwingine, na vijana wanaongoja nafasi hiyo ni wengi.

Zaidi ya hapo, karatasi zake zilibaki nyuma, zikaungua na nyumba au zikapotea njiani. Tena polisi anamsemesha Lingala, naye anajua Kibembe, Kifuliiru na Swahili. Na wakati wa vita, uso mgeni unaulizwa maswali ambayo mwenyeji haulizwi: umetoka wapi, ulipita wapi, nani anakujua hapa? Kwa hiyo mhami anatoa pesa haraka kuliko mwenyeji, na anatoa zaidi. Hailipi ile kofia inayokosekana. Analipa ili asiulizwe.

Hesabu yake ni rahisi kufanya. Motari anayetoa franka 5000 mara tatu kwa juma anatoa franka 60000 kwa majuma manne. Mwisho wa mwezi bado hana kofia, bado hana permi, na bado hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alilipa chochote. Pesa hiyo ingeweza kuanza kulipia kile hasa anachokosa.

Sheria inasema nini

Sheria ya barabara inayotumika Kongo ni ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978, sheria namba 78-022. Ni ya zamani, lakini ipo. Ndiyo inayoeleza makosa ya barabarani na adhabu zake. Polisi wa roulage ana haki ya kusimamisha gari au pikipiki, kuomba karatasi na kuandika kosa. Hapo hakuna ubishi, na motari anayekataa kusimama anajitafutia kosa la pili.

Jambo la pesa ndilo lenye mipaka. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ile ya mwaka 1959, inampa afisa wa polisi ya upelelezi, yaani OPJ, uwezo wa kumwambia mkosaji: lipa amande ya mapatano na jambo liishe hapa, bila kufika mbele ya juji. Masharti ni matatu. Anayefanya hivyo awe OPJ. Si kila mwenye filimbi ana cheo hicho. Kiasi kisipite kiwango cha juu cha amande ambacho sheria imeweka kwa kosa hilo. Na pesa iende kwenye hazina ya serikali. Mfuko wa suruali haukutajwa.

Ili ifike huko, inapita njia ya karatasi. Kwanza kuna procès-verbal, ile PV, inayosema nani, lini, wapi, kosa gani. Kisha kuna note de perception, karatasi ya idara ya DGRAD inayokusanya mapato ya serikali yasiyo ya kodi, yakiwemo ya kisheria. Juu yake kiasi kimeandikwa. Mwishoni kuna uthibitisho kwamba pesa imelipwa, wenye tarehe na muhuri. Mwenye karatasi hizo tatu akisimamishwa tena kwa jambo lilelile ana la kusema, kwa sababu malipo hayo yanafunga mashtaka isipokuwa parke yenyewe iamue kuendelea.

Ni vizuri pia kutenganisha amande na kodi. Vignette ni kodi ya gari, na kodi ya magari inahusu jimbo. Taksi za mji ni jambo lingine, na zina watu wake. Mtu anaweza kukosa vignette na akalipishwa faini kwa ajili hiyo, lakini kulipa kitu barabarani hakumpi vignette. Motari wengi wanatoa pesa kila juma wakidhani wamelipa kodi, na mwisho wa mwaka wanakuta deni zima linawangoja.

Upande wa polisi, na upande wa motari

Haki itendeke kwa pande zote. Wamotari wa Kalemie si malaika. Wapo wanaopakia watu watatu na gunia juu yake. Wapo wanaopita upande usio wao, usiku, bila taa. Wapo waliojifunza kuendesha jumatatu na jumanne wakabeba mama mjamzito. Kofia inayoning'inia kwenye usukani haijawahi kuokoa kichwa cha mtu. Hospitali zinajua, na familia zilizozika watoto zinajua zaidi. Sheria ya barabara haikuandikwa ili kuwasumbua maskini. Inawalinda wao kwanza, kwa sababu maskini ndiye anayetembea kwa miguu.

Polisi naye ana maisha magumu. Mshahara ni mdogo, naye anasimama kwenye jua na vumbi siku nzima. Hilo linaeleza mambo mengi. Lakini halimpi haki ya kulishwa na motari ambaye watoto wake wanalala chini ya bashi. Mzigo wa mshahara wa polisi ni wa serikali, na franka inayoingia mfukoni badala ya hazina inazidi kuiacha serikali bila uwezo wa kumlipa. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana. Pale kosa linapomalizwa kwa noti, dereva hatari na motari aliyesahau kofia wanatoka sawasawa. Hakuna alama inayobaki ya yule anayeendesha amelewa kila juma. Siku atakapogonga mtu, kila mmoja atasema hakujua.

Sababu nzito zaidi inayotolewa na wanaotetea "kuelewana" ni ya wakati. Motari gani ana siku nzima ya kwenda biro, kisha benki, kisha kurudi biro? Ni kweli, siku hiyo versement haitapatikana. Swali hilo halina jibu jepesi, na mtu asiwadanganye wamotari kwamba karatasi haina gharama. Ina gharama. Lakini gharama hiyo inalipwa mara moja, na inaisha. Ile ya noti iliyokunjwa haiishi, kwa sababu polisi aliyepewa leo anamkumbuka aliyempa, na kesho anamwambia mwenzake.

Namna ya kudai karatasi nayo ina adabu yake. Kupiga kelele, kutukana au kunyang'anya ufunguo ni hasara tupu: kumtukana mtumishi wa serikali akiwa kazini ni kosa la jinai, na jambo la kofia linageuka kuwa kesi ya kweli. Kinachosaidia ni sauti ya chini. "Afande, nakubali kosa. Naomba uandike PV, nitalipa benki." Mara nyingi maneno hayo peke yake yanabadilisha mazungumzo. Kama hayabadilishi, motari anampigia simu kiongozi wa shirika lao, anaandika saa, mahali, namba ya gari la polisi kama lipo, na kiasi kilichoombwa. Daftari dogo la franka chache linaweza kufanya kazi ambayo kelele haiwezi.

Kesi ikifika kwa juji

Kuna wanaoogopa neno tribinali kiasi cha kutoa chochote wasifike huko. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inatokana na kutojua. Makosa mengi ya barabarani, hata yale ya kujeruhi bila kukusudia, yanahukumiwa na tribinali ya amani. Kwa sheria ya tarehe 11 mwezi wa nne 2013 kuhusu tribinali, hiyo ndiyo inayosikiliza makosa ambayo kifungo chake hakipiti miaka 5. Sheria hiyohiyo inasema kila mji na kila teritware iwe na tribinali ya amani moja au zaidi. Katiba ya 2006 inaongeza kwamba vikao ni vya wazi na hukumu inasomwa mbele ya watu. Kwa hiyo yeyote anaweza kuingia, kukaa nyuma na kusikiliza. Motari aliyewahi kufanya hivyo siku ya kesi ya mwenzake haogopi tena kama zamani.

Kupata habari za kesi nako kuna njia yake, na hakuhitaji kumjua mkubwa. Faili lililoko parke lina namba inayoanza na herufi RMP, yaani kitabu cha parke. Likifika tribinali ya amani, linapewa namba nyingine inayoanza na RP, yaani kitabu cha kesi za jinai. Likikatiwa rufaa, linaenda tribinali kubwa, tribunal de grande instance, na huko linaitwa RPA. Mwenye namba hizo ameshika mkia wa kesi yake. Asiye nazo anapelekwa biro hadi biro, na kwenye kila mlango kuna anayejitolea "kumsaidia".

Orodha ya kesi za siku inabandikwa kwenye valve, lile ubao la matangazo la tribinali. Huko ndiko pa kutazama kwanza. Kisha kuna grefe, biro ya makarani, wanaotunza vitabu na mafaili. Anayeenda grefe aende na majina kamili kama yalivyoandikwa kwenye PV, tarehe ya tukio, mahali, na namba ya RMP kama anayo. Majina ni jambo la kuangalia sana. Mtu anayeitwa kwa majina matatu nyumbani, mawili kanisani na moja kwenye kadi ya uchaguzi anaweza kutafutwa kitabuni asubuhi nzima bila kuonekana. Nakala ya hukumu yenye muhuri inalipiwa. Anayelipa aombe reçu hapohapo, kwa sababu ile kanuni ya barabarani inafuata mtu hadi ndani ya jumba la haki.

Siku nazo zinahesabiwa. Aliyehukumiwa akiwepo ana siku 10 za kukata rufaa tangu hukumu iliposomwa. Aliyehukumiwa bila kuwepo ana siku 10 za kuipinga hukumu hiyo tangu alipokabidhiwa yeye mwenyewe taarifa yake. Anayezitupa siku hizo kwa kusema "wataniita tena" anajifungia mlango. Na amande ya tribinali isiyolipwa ndani ya siku 8 tangu hukumu ilipokuwa ya mwisho inaweza kugeuzwa kifungo, kisichopita miezi 6. Kwa mtu wa versement, miezi 6 ni maisha mengine kabisa.

Asiye na uwezo hakuachwa peke yake kwenye karatasi za sheria. Mabaro ya avoka yana biro ya mashauri ya bure. Kuna pia hati ya umaskini, attestation d'indigence, ambayo inaweza kupunguza mzigo wa gharama. Si rahisi kuipata siku moja. Lakini mhami anayeishi kwenye kambi au kwenye familia ya kumpokea ana sababu zote za kuiomba, na viongozi wa kambi wangefanya kazi nzuri wakiwaelekeza watu huko kabla ya shida, si baada yake.

Faili lililobaki nyuma ya vita

Kwa wahami kuna ugumu wa ziada. Wengine waliacha kesi kwenye miji waliyokimbia. Pikipiki ilikuwa imeshikwa, au mtoto alikuwa amegongwa na kesi ilikuwa imeanza, kisha risasi zikalia. Katika Kivu Kaskazini na Ituri, hali ya dharura iliyoanza mwezi wa tano 2021 ilikuwa imekwisha kuhamishia kesi za jinai kwenye korti za kijeshi, na watu wengi hawakujua tena mafaili yao yako mlango gani. Halafu miji mikubwa ikachukuliwa, na wafanyakazi wa tribinali wakatawanyika kama watu wengine.

Faili likishapotea hivyo, kinachobaki ni nakala ya mtu binafsi. Familia iliyopiga picha ya PV kwa simu na kuituma kwa ndugu aliyeko Lubumbashi au Kigoma ina kitu cha kuanzia. Familia iliyosema "karatasi ziko kwa polisi" haina. Fundisho hilo limelipiwa kwa machozi, na lisipotee: permi, kadi ya uchaguzi, karatasi ya pikipiki, PV na reçu, kila kimoja kipigwe picha siku ileile kinapopatikana, na picha ilale kwenye simu zaidi ya moja.

Aliyepoteza vyote aanze na komini, aombe attestation de perte des pièces. Karatasi hiyo haigeuki kuwa permi na haimruhusu mtu asiye dereva kuendesha. Lakini inasema yeye ni nani, na kwamba alitangaza upotevu wake kabla ya kukamatwa. Kati ya mtu asiye na chochote na mtu mwenye karatasi moja yenye muhuri, tofauti inaonekana haraka sana barabarani. Katiba, kifungu cha 18, inasema pia kwamba anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na kwamba kukaa mikononi mwa polisi kabla ya kupelekwa mbele hakuwezi kupita saa 48. Swahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Mhami anayeomba kwa heshima asemeshwe Swahili haombi upendeleo.

Karatasi ya aliyegongwa

Mpaka hapa mazungumzo ni ya motari. Lakini anayehitaji zaidi kumbukumbu hizo ni yule asiyekuwa na pikipiki: mtoto aliyegongwa akienda kuchota maji, mama aliyeanguka kutoka kiti cha nyuma. Tangu sheria ya tarehe 5 mwezi wa kwanza 1973, kila chombo cha moto ni lazima kiwe na asiransi ya kulipa madhara kwa watu wengine. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya 2015 ilifungulia kampuni nyingine mlango. Asiransi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya polisi wa barabarani. Iliwekwa kwa ajili ya mguu uliovunjika.

Lakini asiransi haiwezi kulipa kwa hadithi. Inataka PV ya ajali, namba ya gari, jina la dereva na karatasi za hospitali. Pale dereva anapotoa pesa kidogo kwa familia, pesa kidogo kwa polisi, na kila mmoja akaenda zake, haki ya mtoto huyo imeuzwa kwa bei ya dawa za juma moja. Miezi 3 baadaye mguu haujapona, dereva habebi tena simu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ajali ilitokea. Familia nyingi za wahami zinakubali mapatano ya namna hiyo kwa sababu pesa ya leo inaonekana na ya tribinali haionekani. Si kosa lao. Lakini hata anayekubali kusaidiwa hospitali na dereva bado anaweza kudai PV iandikwe. Msaada wa siku ya kwanza haufungi mlango wa haki, mradi karatasi iwepo. Na mbele ya tribinali ya amani, aliyeumia anaweza kudai fidia ndani ya kesi ileile ya dereva.

Ng'ambo ya ziwa

Wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kigoma wanajua jambo moja. Huko Tanzania, dereva anayelipishwa faini anaandikiwa taarifa yenye namba ya malipo, na pesa inalipwa kwa simu au benki; deni la gari linaweza kutazamwa kwa kutumia namba ya gari lenyewe. Hilo halikumaliza rushwa, na madereva wa huko wana malalamiko yao. Lakini kuna alama inayobaki, na anayelipa asubuhi anaweza kuonyesha jioni. Kalemie ina simu zilezile na pesa ya simu inatumika sokoni kila siku, hata kwa kununua ndagala. Kinachokosekana ni utashi.

Mambo manne yasiyohitaji wafadhili

Wakubwa wa polisi ya roulage wanaweza kuagiza kesho asubuhi kwamba kila kosa liandikwe kwenye kitabu chenye namba, na kwamba orodha ya makosa na amande zake ibandikwe mahali pa wazi, kwa Swahili. Polisi mwaminifu hatapoteza chochote kwa agizo hilo; atalindwa nalo.

Tribinali inaweza kuandika orodha ya kesi kwenye valve kwa herufi zinazosomeka, na kuipatia redio za mji, ili isomwe kwa Swahili siku moja kabla. Mhami asiye na simu nzuri ana redio, au ana jirani mwenye redio.

Mashirika ya wamotari yanaweza kufungua daftari moja kwenye kila parking: tarehe, saa, mahali, kosa, PV namba ngapi, kiasi gani, reçu ipo au haipo. Baada ya miezi 3, daftari hilo litakuwa na nguvu kuliko mgomo. Anayefika mbele ya viongozi na kurasa 40 zenye tarehe hasikilizwi kama anayefika na hasira.

Na kamati za wahami zinaweza kumtafuta mtu mmoja anayejua kusoma Kifaransa, awe wa kusaidia wengine kusoma PV kabla ya kutia sahihi. Kutia dole gumba kwenye karatasi isiyoeleweka ni kuitikia jambo ambalo mtu hajaulizwa.

Jioni, filimbi italia tena kwenye njia kubwa ya Kalemie. Motari atasimama, ufunguo utachomolewa, mama mwingine atashuka na beseni lake. Kama kofia haipo, kosa lipo, na kosa lina bei yake. Bei hiyo iandikwe. Mtu ambaye vita vilimnyang'anya nyumba, shamba na hati ya kuzaliwa ya watoto wake anastahili, angalau, kupewa karatasi ya kile anacholipa.